Ubebe Maktaba au Uziazime? Hesabu ya Mwandishi wa Programu Kangema

Mwenye agroveti mjini Kangema akikuagiza programu ya mauzo, hatakuuliza utaiandika kwa C, kwa Rust au kwa Go. Atakuuliza bei, mtapatana, na mengine atakuachia. Swali lake la pili litakuja kwa simu, Jumatatu saa mbili asubuhi, wateja wamejaa mpaka mlangoni na skrini inalalamika kwamba VCRUNTIME140.dll haipatikani. Hapo utapanda matatu. Nauli hiyo na saa zitakazopotea ndizo gharama ambazo karibu hakuna anayezitia kwenye hesabu anapochagua lugha ya kuandikia na namna programu yake itakavyopata maktaba zake.

Maktaba hapa ni msimbo ulioandikwa na wengine ambao programu yako inautegemea: SQLite ya kutunza rekodi, OpenSSL ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani, maktaba ya printa ya risiti. Kuna njia tatu za kuzipata. Unaweza kuzifungasha ndani ya faili la programu unapolitengeneza. Unaweza kuziacha nje, mfumo wa kompyuta uzipakie programu inapofunguliwa. Kwenye Linux mafaili hayo huishia na .so, kwenye Windows .dll. Au programu yenyewe, ikiwa tayari inafanya kazi, iite maktaba inayoitaka wakati inapoihitaji: dlopen kwenye Linux, LoadLibrary kwenye Windows.

Ili hesabu isielee hewani, tuchukue kazi moja ya kawaida ya huku kwetu: programu ya kituo cha kukusanyia maziwa. Inasoma uzito kutoka kwenye mizani kwa waya, inaandika kilo za kila mkulima, inachapa risiti, na mwisho wa mwezi inaongea na Daraja, mlango wa M-Pesa kwa watengenezaji programu, ili malipo yatoke. Tuseme una wateja 12, wengine Kanyenyaini, wengine Kiriaini, wengine karibu na Murang'a mjini. Bei za bando hubadilika kila kukicha, kwa hiyo nitakadiria shilingi 100 kwa GB 1. Weka bei yako mwenyewe mahali pa hiyo.

Bei ya kuanza

Zana za C kwenye Debian au Ubuntu ni makumi ya MB tu. Go inakuja kama furushi moja la karibu MB 70, na ndani yake mna maktaba za msingi zote, hata za mawasiliano salama ya HTTPS. Rust, ukichagua usakinishaji mdogo usio na vitabu vyake, inazidi MB 100 kidogo. Kwa makadirio yetu hiyo ni shilingi saba kwa Go na kumi na kitu kwa Rust. Hakuna wa kulia hapo.

Mtego uko kwenye Windows. Rust ya kawaida huko inataka zana za Visual Studio za Microsoft, na hizo zinakula GB kadhaa. Shilingi mia mbili au zaidi zitaisha kabla hujaandika mstari wa kwanza. Ipo Rust ya aina ya windows-gnu isiyozihitaji, na kwa kazi kama yetu inatosha.

Mtego wa pili ni wa anayesakinisha Rust kwa apt kwenye Debian 12. Huyo anapewa toleo la 1.63, la mwaka 2022. Enzi hizo cargo, chombo cha Rust cha kuleta maktaba, kilikuwa kinashusha kwanza orodha nzima ya maktaba zote duniani, zaidi ya MB 100, hata kama unahitaji mbili tu. Tangu toleo la 1.70 la Juni 2023 cargo inashusha taarifa za zile unazozitaka peke yake. Kwa hiyo shusha Rust kutoka kwa watengenezaji wenyewe kupitia rustup, usiichukue kwenye hazina ya Debian 12.

Mwanafunzi wa Murang'a University of Technology au Dedan Kimathi kule Nyeri hana haja ya kulipa hata hicho kidogo. Akiwa kwenye mtandao wa chuo aandike cargo vendor, au go mod vendor kwa Go, na maktaba zote za mradi zitanakiliwa kwenye folda moja. Folda hiyo inaingia kwenye flashi, na nyumbani kazi inaendelea bila bando. Go ina ziada nzuri: akiba yake ya maktaba inaweza kutumiwa kama seva kwa kuelekeza GOPROXY kwenye folda, kwa hiyo flashi moja inaweza kulisha marafiki kadhaa.

Folda hiyo ina faida ya pili. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa maktaba yake ndogo, left-pad, kwenye hazina ya npm, na miradi mingi ya JavaScript ikakwama papo hapo. Hazina ya Rust hairuhusu mtu kufuta hivyo ovyo, na ya Go hutunza nakala. Lakini nakala iliyo mkononi mwako haitegemei hisani ya yeyote.

Kuibeba: kilo nyingi, safari chache

Programu ndogo kabisa ya C inayoazima maktaba ni karibu KB 16. Ukiifungashia glibc, maktaba mama ya Linux, inafika karibu KB 800. Ya Rust iko karibu KB 400, ya Go karibu MB 2. Programu yetu ya maziwa kwa Go, ikiwa na SQLite na mambo ya M-Pesa, inaweza kufika MB 15. Wapo watakaokuambia huo ni ubadhirifu. Tupige hesabu: MB 15 mara wateja 12 ni MB 180, yaani shilingi 18 kwa kila toleo jipya unalowatumia wote. Linganisha na nauli ya kwenda Kiriaini na kurudi, mara moja tu, kwa mteja mmoja tu. Ubishi wa MB umepitwa na wakati; wa nauli bado uko hai.

Na nauli hiyo inaliwa hasa na nini? Chukua kisa kinachojirudia kila siku. Laptopu yako ina Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35. Kompyuta ya kituo ina Ubuntu 20.04, yenye glibc 2.31. Unatengeneza programu, kwako inafanya kazi vizuri, unaipeleka, na kule inakataa ikisema GLIBC_2.34 haipatikani. Hujatumia kitu chochote kipya. Lakini Agosti 2021, toleo la 2.34 la glibc liliingiza ndani yake maktaba ndogo zilizokuwa zimejitenga, na hata sehemu ile ya kuanzishia programu ikapewa namba mpya. Programu iliyotengenezwa juu ya glibc mpya hukumbuka namba hizo na kuzidai popote iendako. Kinyume chake hakina shida: iliyotengenezwa juu ya glibc ya zamani hufanya kazi kwenye mpya.

Dawa ziko kadhaa na zote ni za bure. Go ukiiambia CGO_ENABLED=0 inatoa faili lisiloitegemea glibc kabisa. Rust inaweza kutumia musl, mbadala mdogo wa glibc uliotengenezwa ufungashike vizuri. C pia inaweza kutumia musl, au ukaitengeneza kwa zana ya Zig, ambayo unaweza kuiambia waziwazi kwamba unalenga glibc 2.28 na ikakutii ukiwa kwenye laptopu mpya. Au tengeneza kila kitu kwenye mfumo mkongwe kuliko wote walio nao wateja wako. Njia hii ya mwisho haina mvuto wowote, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeandika C.

Kwa SQLite kuna njia ya kuibeba ambayo haina mjadala. Waandishi wake wanaitoa kama faili moja kubwa la C, sqlite3.c, halina leseni ya kukubana, na wao wenyewe wanahimiza uliingize moja kwa moja kwenye programu yako. Rust inafanya hivyo ukichagua kipengele cha bundled kwenye rusqlite. Go ina mawili ya kuchagua: moja linaita C, na hapo ule urahisi wa CGO_ENABLED=0 unakuponyoka; la pili ni SQLite iliyogeuzwa kuwa Go tupu, nzito na ya polepole kiasi. Kituo kinachopokea wakulima mia mbili asubuhi hakitauona ucheleweshaji huo. Chukua la pili.

Sasa upande wa deni. Aprili 2014 mwanya uliopewa jina la Heartbleed ulitangazwa kwenye OpenSSL: mtu wa mbali aliweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, nywila na funguo zikiwemo. Waliokuwa wanaiazima OpenSSL kutoka kwenye mfumo walishusha kiraka kimoja, wakawasha upya huduma zao, mwanya ukazibika. Waliokuwa wameifungasha ndani walilazimika kutengeneza upya kila programu na kuisambaza upya. Ukibeba maktaba ya usalama, umejiajiri kuwa mlinzi wake. Rekodi za wakulima zina majina na namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haitakubali kisingizio kwamba maktaba si yako.

Pia soma leseni. glibc iko chini ya LGPL, na ukiifungasha ndani ya programu unayoiuza bila kuonyesha msimbo wako, unatakiwa umwezeshe mteja kuiunganisha upya na glibc nyingine. Ukiiazima, sharti hilo linakuwa jepesi. musl iko chini ya leseni ya MIT, haina mzigo huo.

Kuiazima: nafuu ambayo ina masharti

Hoja kuu ya kuazima ni viraka. Debian ikitoa OpenSSL iliyorekebishwa, kifurushi ni MB chache, na programu zote kwenye mashine zinapona pamoja. Kwenye seva iliyo mtandaoni usiku na mchana, hoja hiyo inashinda bila ubishi. Kwenye kompyuta ya kituo cha maziwa inayounganishwa na simu ya karani nusu saa kwa siku, na karani mwenyewe amezima masasisho kwa sababu yalimla bando, hoja hiyo inabaki kwenye karatasi. Kabla ya kuchagua kuazima, uliza nani atalipia bando la viraka. Mara nyingi utanyamaziwa.

Hoja ya kumbukumbu, kwamba programu nyingi zinatumia nakala moja ya maktaba, ni ya kweli. Ila kompyuta inayofungua programu moja kutwa nzima haitapata faida ya maana.

Na kuazima kuna siku ya kunyang'anywa. Ubuntu 22.04 ilipotoka ilileta OpenSSL 3 na kuiacha ya 1.1. Programu zilizokuwa zinaitegemea libssl.so.1.1 zilikataa kufunguka siku mteja aliposasisha mfumo wake, hata kama mwandishi wake hakugusa herufi moja. Ushauri wangu hapa ni mfupi: endesha amri ya ldd juu ya programu yako kabla ya kuisafirisha, isome orodha inayotoka, na kila jina usiloweza kulieleza likuudhi.

Orodha hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana mafaili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Lengo lilikuwa sshd, huduma ya kuingilia seva kwa mbali. OpenSSH, programu ambayo sshd ni sehemu yake, yenyewe haihitaji xz. Ila baadhi ya mifumo, Debian ikiwemo, ilikuwa imeiunganisha sshd na libsystemd, maktaba ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, kwa shughuli ndogo ya kutoa taarifa, na libsystemd ilikuwa inaivuta liblzma, maktaba ya xz, kwa nyuma. Mgeni aliingia kwa mgongo wa mgeni mwenzake. Mwaka huohuo systemd 256 ilitoka ikiwa imehamishia maktaba hizo za kubana kwenye dlopen: haziguswi mpaka zitakapohitajika kweli.

Kuiita ikihitajika

Njia hii ya tatu ndiyo inayowavutia vijana, na kwa mizani ina mantiki. Vituo 12 vitakuwa na mizani za aina tatu au nne, kila moja inatuma uzito kwa namna yake. Badala ya kutengeneza programu nne, unatengeneza moja, na kila mizani inapewa faili lake: mizani_a.so, mizani_b.so. Programu inasoma jina kwenye faili la mipangilio na kuita dlopen. Mteja akinunua mizani mpya, unamtumia faili la KB chache kwa WhatsApp.

Hapa ndipo penye mambo, kwa hiyo tusikimbie. dlopen hupewa sharti la namna ya kupakia. RTLD_LAZY humaanisha: pakia sasa, kazi za ndani, yaani functions, tutazitafuta zitakapoitwa. RTLD_NOW humaanisha: hakikisha zote zipo sasa hivi, la sivyo kataa. Kwa ya kwanza programu inafunguka haraka, halafu inaanguka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mkulima wa kwanza anapoweka ndoo. Kwa ya pili inakataa pale karani anapoiwasha, au vizuri zaidi, unapoijaribu wewe. John Michuki, mbunge wa Kangema aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alileta kanuni, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, za kutaka matatu ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo kabla ya kubeba abiria. RTLD_NOW ni ukaguzi wa namna hiyo, unaofanyika stejini. Iandike kila mara, na usome jibu la dlerror badala ya kulitupa.

Hatari mbaya zaidi haina ujumbe wa kosa. Tuseme programu na faili la mizani zinapeana muundo wenye namba ya mkulima, uzito na saa. Mwezi wa tatu unaongeza kwenye programu sehemu ya kiwango cha mafuta ya maziwa, katikati ya muundo, lakini faili la mizani kule Kanyenyaini ni la zamani. dlopen inafaulu. Jina la kazi linapatikana. Faili la zamani linaandika saa mahali ambapo programu mpya inasoma mafuta, na hakuna anayelalamika mpaka siku ya malipo. Kinga yake ni mistari michache: kazi ya kwanza kuitwa katika kila faili irudishe namba ya toleo la muundo, na isipolingana, programu ikatae kuendelea.

Lugha hazilingani hapa. C ndiyo nyumbani kwa dlopen, na makubaliano yake ya namna kazi zinavyoitana hayabadiliki ovyo. Rust haina makubaliano yake yenyewe yaliyotulia: maktaba mbili zilizotengenezwa na matoleo tofauti ya kompaila zinaweza kupanga muundo uleule kwa mpangilio tofauti. Utalazimika kuvaa nguo za C, yaani repr(C) na extern "C", na kutengeneza faili la aina ya cdylib. Inafanyika, na inafanyika vizuri. Go ina kifurushi cha plugin tangu mwaka 2017, lakini hakipo kwenye Windows, kinadai toleo lilelile la Go na maktaba zilezile pande zote mbili, na faili likishapakiwa haliondoki. Kwa biashara ya hapa, usikiguse.

Jambo moja linawashangaza wengi: programu iliyofungashwa yote kwa musl haiwezi kuita dlopen. Lazima uchague. Kwa mizani, mimi ningeacha dlopen kabisa. Andika kiprogramu kidogo kwa kila mizani, kisome waya na kutema mstari wa maandishi, na programu kuu iusome mstari huo. Mizani hutuma namba chache kwa sekunde, kasi haihitajiki. Kikianguka hakiangushi vitabu vya hesabu, na unaweza kukijaribu kwa macho yako kwa kukifungua tu.

Na zile kompyuta kuukuu

Baadhi ya kompyuta zinazouzwa kwa bei nafuu bado zina Windows 7. Go 1.20 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho kuikubali, na yenyewe haipati viraka tena. Rust nayo inahitaji Windows 10 kuanzia toleo la 1.78, la Mei 2024. C kwa MinGW, zana za C za Windows zisizo za Microsoft, bado inaingia. Ama umwekee mteja Linux, ama umtoze zaidi kwa kumwandikia C, na umweleze sababu.

Ule ujumbe wa VCRUNTIME140.dll unakuja kwa sababu programu iliazima maktaba ya Microsoft ambayo mashine haina. Go haiihitaji, Rust ya Visual Studio inaifungasha ukiomba crt-static. Usimruhusu karani kushusha DLL kwenye tovuti asiyoijua. Windows huanza kutafuta ndani ya folda ya programu yenyewe, kwa hiyo faili bovu likishawekwa pale litapakiwa bila kuulizwa.

Uamuzi wangu kwa kazi hii ya wateja 12: Go iliyofungashwa yote, SQLite ya Go tupu, viprogramu vidogo pembeni vya mizani, na toleo jipya kila Go inapotangaza kiraka cha usalama. Anayejua Rust vizuri atapata kilekile kwa faili dogo zaidi na saa nyingi zaidi za kusubiri kompaila kwenye laptopu ya GB 4. C iliyoazima OpenSSL ya Debian iwe ya seva iliyo mtandaoni muda wote na yenye mtu wa kuiangalia.

Nawe mwenye kituo au mwenye duka, kabla ya kutoa malipo ya mwisho, mwambie kijana aifungue programu kwenye kompyuta yako, si yake, bando likiwa limezimwa. Kisha muandikiane ni nani atakayelipia kiraka na nauli mwaka ujao.